THE AFRICAN QUEEN: ilipigwa wapi, ilitokana na nini, na kwa nini Kigoma hutaikuta



Leo naanza kwa kuomba radhi. Siku za nyuma niliandika humu, mistari miwili tu, kwamba meli yetu ya MV Liemba pale Kigoma "ndiyo iliyocheza kwenye The African Queen". Niliokota mahali nikabandika, sikuhakikisha. Basi mshkaji wangu mmoja wa hapa hapa Area D, mgonjwa wa muvi za kale, akaisoma. Jamaa ni fundi rangi. Akakusanya hela ya kazi mbili, akaazima kamera, akapanda treni usiku na mchana hadi Kigoma ili akapige picha "lokesheni" kwa macho yake.

Kufika bandarini akamkuta mzee mmoja kakaa kivulini.

"Shikamoo mzee. Samahani, ni wapi hapa walipopigia ile muvi ya Wazungu, ile ya boti?"

"Marahaba. Mjukuu wangu, hapa ilipigwa vita. Muvi walienda kuipigia kwa wenzetu huko."

Jamaa karudi Dodoma, wala hakunigombeza. Aliniambia tu, "Kaka, siku nyingine hakikisha." Bora angenitukana.

Kwa hiyo nimekaa nikaifanyia kazi hii habari kuanzia mwanzo. Nimeandika kila ninachokijua kwa uhakika: filamu yenyewe, dairekta alipata wapi mawazo, meli ya kweli, na sehemu zilizopigwa picha moja baada ya nyingine. Ukiweza i-print uweke, maana swali hili halijawahi kuisha kijiweni kwetu. Na kuna kitu kuhusu sisi watu wa Ugogo ambacho sikukitegemea kabisa, nimekiweka kule chini. Twende kazi.

FILAMU KWA KIFUPI

Jina: The African Queen
Mwaka: 1951
Dairekta: John Huston (1906 hadi 1987), Mmarekani
Prodyuza: Sam Spiegel
Skripti: James Agee na John Huston
Stelingi: Humphrey Bogart (Charlie Allnut) na Katharine Hepburn (Rose Sayer)
Mpiga picha: Jack Cardiff, Mwingereza
Imetoka kwenye: riwaya ya C. S. Forester yenye jina hilo hilo, ya mwaka 1935
Tuzo: Bogart alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 1952. Ndiyo Oscar pekee aliyopata maisha yake yote.

Hadithi iko hivi. Ni mwaka 1914, Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, yaani hapa hapa kwetu. Rose na kaka yake Samuel ni wamisionari Waingereza kwenye kijiji kimoja cha ndani. Vita ya Kwanza ya Dunia inaanza, askari wa Mjerumani wanakuja, wanachoma kijiji na kuwaswaga watu. Kaka mtu anachanganyikiwa, anakufa. Anatokea Charlie, mlevi mwenye kiboti chake kibovu cha mvuke kinachoitwa African Queen. Rose anamshawishi washuke mto mpaka ziwani wakailipue meli ya vita ya Wajerumani, kwa mabomu ya kuunga wenyewe kutokana na mitungi ya gesi. Njiani wanapita maporomoko, ruba, mbu, malaria, na mapenzi juu yake.

Kwa wale wadogo zetu walioiona Jungle Cruise ya The Rock (2021) na kuipenda: ile inatokana na mchezo wa maboti wa Disneyland uliofunguliwa mwaka 1955, na waliobuni mchezo ule walichota kutoka The African Queen. Kwa hiyo babu wa muvi yenu ndiye huyu.

DAIREKTA ALICHOTA WAPI

Huston hakuwa mtu wa kutulia. Ujanani alipigana ngumi, akasomea uchoraji, akaandika skripti za wenzake ndipo akawa dairekta. Ukitaka kujua filamu hii ilitoka wapi kichwani mwake, mambo makubwa ni haya:

1) Kitabu cha Forester. Huston alikifuata kwa sehemu kubwa lakini akageuza mwisho. Kwenye kitabu, kiboti cha Charlie kinashindwa kazi, na meli ya Wajerumani inakuja kuzamishwa na maboti ya Waingereza. Kwenye filamu, African Queen yenyewe iliyokwishazama ndiyo inayoilipua meli ya adui. Charlie wa kitabuni ni Mwingereza wa mitaa ya London. Bogart akafanywa Mkanada, yakaisha.

2) Mexico. Mwaka 1948 Huston alitoa The Treasure of the Sierra Madre, ambayo sehemu kubwa aliipiga Mexico kwenyewe, wakati ambapo wakubwa wa Hollywood walipenda kila kitu kifanyike studio. Akapata Oscar mbili, ya dairekta na ya skripti, na baba yake mzazi Walter Huston akapata ya mwigizaji msaidizi. Toka hapo nani angemwambia kitu? Ya msituni akataka aipige msituni.

3) Vita. Wakati wa Vita ya Pili alikuwa jeshini akitengeneza filamu za kweli za vita, ikiwemo San Pietro (1945), iliyoonyesha askari waliokufa bila kuficha. Uchafu, jasho na uchovu unaouona kwenye uso wa Bogart ni wa mtu aliyekwishaona watu wachovu kweli.

4) Mama Roosevelt. Hii ni tamu. Hepburn alianza kumwigiza Rose kwa ukali na uso wa huzuni. Huston akamfuata, akamwambia amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alivyokuwa akiwatembelea askari majeruhi hospitalini huku akitabasamu. Hepburn mwenyewe alikuja kuandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1987 kwamba huo ulikuwa ushauri bora kuliko wote aliowahi kupewa. Itazame tena filamu ukiwa na hilo kichwani, utaliona lile tabasamu.

5) Tembo. Sifichi kitu. Huston alikuja Afrika na tamaa ya kuua tembo, na ilimshika kiasi cha kuwakera wenzake. Peter Viertel, mwandishi aliyeitwa kusaidia kumalizia skripti baada ya Agee kupata ugonjwa wa moyo, akaandika riwaya ya kumsema, White Hunter, Black Heart (1953). Clint Eastwood akaifanya filamu mwaka 1990, na hiyo aliipiga Zimbabwe.

MELI YA KWELI NA MASANDUKU 5,000

Sasa hapa ndipo nilipopotosha watu, kwa hiyo naenda pole pole.

Meli ya Wajerumani ndani ya filamu inaitwa Louisa. Hiyo ni ya kubuni. Lakini kwenye Ziwa Tanganyika ilikuwepo ya kweli, Graf von Götzen, iliyopewa jina la gavana aliyetawala koloni hili wakati wa Maji Maji. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani. Baada ya kuundwa ikafumuliwa yote, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na kupandishwa reli ya kati kwenda Kigoma.

Wadau wa Dodoma, mnaona? Reli ya kati ilifika hapa kwetu mwaka 1910 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Njia nyingine ya reli haikuwepo. Meli nzima, urefu wake karibu mita 70, imepita kwenye stesheni yetu vipande vipande! Kila mara nikipita pale stesheni sasa hivi naiona ile misumari na mabati yanapita kuelekea Bahi, Manyoni, Itigi, Tabora.

Ikaunganishwa upya Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Ikafungwa hadi mzinga mkubwa uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyozamishwa delta ya Rufiji Julai 1915.

Waingereza nao wakajibu kwa kituko kinachofanana na muvi kuliko muvi yenyewe. Walileta maboti mawili madogo ya injini, Mimi na Toutou, kutoka London mpaka Cape Town kwa meli, halafu reli hadi Kongo, halafu yakaburuzwa porini na milimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe hadi yakafika ziwani upande wa Kongo. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa na tabia ya kuvaa sketi. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Götzen, ile kubwa, Spicer-Simson hakuigusa.

Basi nani aliizamisha Götzen? Wajerumani wenyewe! Tarehe 26 Julai 1916, walipoona wanazidiwa, waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini mafundi walikuwa na akili: kwanza waliipaka injini grisi nene ili isiharibike. Siku tatu baadaye, tarehe 29 Julai 1916, majeshi ya Waingereza yaliyotokea Kondoa yakaingia DODOMA na kuikata reli. Yaani meli na mji wetu viliondoka mikononi mwa Mjerumani wiki moja.

Waingereza waliiopoa mwaka 1924. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya la Liemba, jina la zamani la ziwa hilo upande wa kusini. Imebeba abiria, dagaa, mahindi na mizigo ya kila namna kwa miongo mingi. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi kwao Kongo, na Mei 2015 ilibeba Warundi waliokuwa wamekwama Kagunga kuwaleta Kigoma. Hakuna stelingi wa Hollywood mwenye wasifu huo.

Kwa hiyo jibu sahihi: Götzen pamoja na vita ya Mimi na Toutou ndivyo vinavyotajwa siku zote kuwa chimbuko la hadithi ya Forester. Lakini Liemba HAIKUCHEZA kwenye filamu. Imeichochea hadithi, haikuonekana kwenye picha. Mimi nilichanganya haya mawili, na mtu akalipa nauli.

ILIPIGWA WAPI: SEHEMU MOJA MOJA

Hakuna hata sini moja ya kuigiza iliyopigwa Tanganyika. Hizi ndizo sehemu zenyewe, zote mwaka 1951:

a) Mto Ruiki, Kongo. Wakati huo Kongo ya Wabelgiji. Mto mwembamba wenye maji meusi unaoingia Lualaba, kusini ya Stanleyville (leo Kisangani), upande wa Ponthierville (leo Ubundu). Walijenga kambi yao porini mahali panaitwa Biondo. Humo ndimo zilimopigwa sini nyingi za kwenye boti. African Queen ilikuwa ndogo mno kubeba kamera ya rangi ya Technicolor, dude kubwa kweli, kwa hiyo walitengeneza majukwaa ya mbao yanayoelea yakawa yanavutwa nyuma kwa msafara: kamera kwake, taa kwake. Siku moja kiboti kikazama kabisa, wakakiopoa. Na siafu wakavamia kambi. Siafu hawajui Hollywood.

b) Butiaba, Ziwa Albert, Uganda. Hapa ndipo palipopigwa sini za kijiji na kanisa za mwanzo. Hepburn alikuwa anaumwa tumbo vibaya, na anavyosimulia mwenyewe, wakati anapiga kinanda kanisani kulikuwa na ndoo pembeni, nje ya picha. Karibu kila mtu aliugua safari ile, wanasema sababu ni maji. Bogart na Huston hawakuugua, na sababu waliyoitoa wenyewe ni kwamba maji walikuwa hawanywi, walikuwa wanakunywa wiski. (Wadogo zangu msiige, ni historia tu.) Mke wa Bogart, mwigizaji Lauren Bacall, alikuja naye na alisaidia mapishi na kuuguza watu.

c) Maporomoko ya Murchison, Uganda. Mto Nile wote unabanwa kwenye upenyo wa mita kama 7 halafu unaanguka mita kama 43. Ukiona maji ya kutisha na mamba kwenye filamu, fikiria huku. Miaka mitatu baadaye, Januari 1954, mwandishi Ernest Hemingway alianguka na ndege karibu na maporomoko hayo, na alipofika Butiaba ndege ya kumuondoa nayo ikawaka moto. Akapona zote mbili.

d) Studio, London. Hapa wengi mtashangaa. Sini za waigizaji kuingia majini, ikiwemo ile maarufu ya Bogart kuvuta boti kwenye matete na kutoka na ruba mwilini, zilipigwa kwenye tangi la maji studio ya Isleworth, maana maji ya kule Afrika yalikuwa na kichocho na vingine. Hata Robert Morley, aliyemwigiza Samuel kaka wa Rose, hakukanyaga Afrika kabisa. Vipande vyake vilipigwa Uingereza vikaungwa.

Kwa hiyo unapomuona Samuel kanisani, mwili wake uko London, waumini wake wako Uganda, na kijiji chake kwenye hadithi kiko kwetu. Sini moja, nchi tatu.

MTO ULANGA: MAKOSA YA JIOGRAFIA

Hii ni ya wale tuliokaa nyuma darasani lakini jiografia tuliipenda. Kwenye kitabu, Forester anasema Charlie na Rose wanashuka mto ULANGA, ambao mbele unabadilika jina kuwa Bora na kuingia ziwani. Jamani, Ulanga tunao! Ndio huo huo Kilombero, mkoa wa Morogoro. Na hauendi ziwani, unaingia Rufiji na Rufiji inamwaga Bahari ya Hindi. Charlie angeufuata Ulanga wa kweli angetokea mbele ya Mafia, asingeiona Kigoma hata kwa darubini. Mto mkubwa unaoingia Ziwa Tanganyika kutoka upande wetu ni Malagarasi.

Simlaumu sana, riwaya ni riwaya. Lakini ndivyo ilivyo toka mwanzo: jina limetoka Morogoro, vita imetoka Kigoma, maji yametoka Kongo na Uganda, tangi limetoka London. Kila kitu kimehama.

ROSE WA KWELI ALIKUWA HAPA HAPA

Haya, hiki ndicho kitu nilichosema sikukitegemea.

Nilijiuliza, je, walikuwepo kweli wamisionari Waingereza ndani ya koloni la Mjerumani mwaka 1914? Walikuwepo, tena wengi walikuwa UGOGO. Misheni ya CMS ilikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, baadaye Mvumi na kwingine. Vita ilipoanza wakawa ghafla raia wa adui. Wajerumani wakawakusanya na kuwazuia Kiboriani, kwenye mlima pale juu ya Mpwapwa, na baadaye Tabora. Walimu na Wakristo Waafrika wa misheni hizo nao walikamatwa. Wafungwa wa Tabora waliachiwa Septemba 1916, Wabelgiji walipouteka mji ule.

Sisemi Forester aliwachukua hawa akawaandika. Nasema ukitaka kujua mtu kama Rose na kaka yake ilikuwaje kwao mwaka ule, usihangaike na Kongo. Panda gari nenda Mvumi au Mpwapwa, umuulize mtu mzima.

Na ukimuuliza mtu mzima wa huku kuhusu vita ile hatakuambia habari ya boti. Atakuambia MTUNYA. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Mvumi, aliisikia kwa wazazi wake. Akitaja neno hilo anashusha sauti kama anamtaja marehemu. Mtunya ni njaa kubwa ya Ugogo, kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya pande zote mbili yalipita hapa. Yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka ghalani, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Halafu mvua ikakataa. Mtu hana ng'ombe wa kuuza, hana akiba, hana kijana wa kulima. Walikufa maelfu. Wengine waliondoka Ugogo na hawakurudi tena.

Sasa rudi kwenye filamu. Dakika zile za mwanzo, askari wanawasha moto nyumba na kuwaswaga watu, ndizo dakika zenye ukweli kuliko zote mle ndani. Mengine ya mabomu ya mitungi ni raha ya sinema. Lakini baada ya kijiji kuungua, kamera inapanda boti na Rose na Charlie, inaondoka. Wale watu walioswagwa walikwenda wapi? Walikula nini mwaka uliofuata? Filamu haiulizi tena. Mimi naipenda filamu ile, nimeiangalia mara nne, lakini toka nijue habari ya Mtunya kila ikifika sehemu ile namuona bibi.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Kiboti chenyewe cha African Queen kiko wapi sasa?
Kiliundwa Uingereza mwaka 1912, jina lake la kweli Livingstone, kikafanya kazi Uganda na Kongo kabla ya filamu. Kimeishia Key Largo, Florida, Marekani. Kilitengenezwa upya mwaka 2012 na kikaanza kubeba watalii.

Kuna muvi yoyote ya zamani ya Hollywood iliyopigwa Tanganyika kweli?
Ipo. Hatari! ya dairekta Howard Hawks, stelingi John Wayne, ilitoka 1962. Ilipigwa upande wa Arusha, Momella na mbuga za kule, na wanyama mle ndani ni wa kweli. Ukitaka kufuata lokesheni ya muvi kwa nauli ya basi, fuata hiyo.

Na wa kwetu je, kuna aliyepiga hadithi pale pale ilipotokea?
Tazama Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi. Hadithi ni ya Zanzibar na imepigwa Zanzibar. Ilionyeshwa tamasha la Toronto mwaka huo huo. Kwa hiyo inawezekana.

UKITAKA KWENDA KUONA

Ukitaka filamu: Murchison na Butiaba, Uganda. Ila bandari ya zamani ya Butiaba iliharibiwa na mafuriko ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, usitegemee kuikuta ilivyokuwa kwenye picha.

Ukitaka vita na meli: Kigoma, nenda kwa treni ukapite njia ile ile ya masanduku. Dirishani angalia mto Malagarasi ukifika upande wa Uvinza.

Ukitaka watu: Mvumi, Mpwapwa, Kiboriani. Hapo huhitaji tiketi ya treni, unahitaji adabu na muda wa kukaa na wazee.

MWISHO

Kabla ya kuiweka hii nilimpelekea fundi rangi aisome kwanza. Kasoma yote kwenye simu, juu ya ngazi, brashi mkononi. Akaniambia picha za Liemba alizopiga Kigoma alikuwa hajazifuta, kumbe hakupoteza safari, alipiga picha ya kitu cha kweli ila mimi nilikipa jina la uongo. Nauli yake nimeshaanza kumlipa kidogo kidogo. Halafu akaniuliza: "Sasa hiyo ya Mtunya, dairekta wake nani?"

Sikuwa na jibu. Kama wewe mdau unayesoma hii uko kafe na unasomea mambo ya kamera, au una bibi ambaye bado anakumbuka alichosimuliwa, anza na kumrekodi. Simu inatosha. Lokesheni hatuna haja ya kuitafuta, tunaishi humo.

Mwenye masahihisho aandike hapo chini, safari hii nitayapokea KABLA mtu hajapanda treni.

Naomba kuwasilisha.
Mdau wenu, Area D, Dodoma